Uso, Usingizi na Mtoto Asiyetulia



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, baada ya swala ya Alasiri, mbele ya vijana na wazazi wa Kawangware waliokuwa wakingojea futari. Wahariri wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyatamka, kwa hivyo ukikuta mahali nazungumza badala ya kuandika, nivumilie. Na nakuomba usiishie njiani, manake nitaanza na maji ya udhu na nitamalizia na mtoto mmoja, kofi moja, na zaidi ya shilingi laki moja ambazo nusura zitumwe Marekani.

Tuanze na usiku wa mwezi huu. Umefuturu vizuri, uji wa ndimu, viazi karai, sambusa mbili ambazo zikawa tano. Umeswali Isha. Sasa uko kwenye tarawehe, imamu ameingia katika sura ndefu, na kope zinashuka zenyewe kama pazia. Ikitolewa salamu unatoka mbio mpaka kwenye mifereji, unafungua maji, na maji ya Nairobi usiku unayajua yalivyo, unajipiga nayo usoni mara tatu. Akili inarudi pale pale. Unaisikia sauti ya imamu upya, unasikia hata matatu za namba 46 zikipiga honi huko nje.

Sasa hebu jiulize. Maji yamegusa ngozi tu. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu la mfupa, haukupata hata tone. Nani aliyeupelekea habari?

Mimi si daktari, ni mwanafunzi. Lakini pale Chiromo, upande wa Westlands, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia elimu ya viungo vya mwili wa binadamu, nilipata kuuona mshipa wenyewe kwa macho yangu. Ni mweupe, unang'aa kidogo, mnene kiasi cha uzi wa katani, na unachomoza kwenye tundu la mfupa chini kidogo ya jicho. Siku ile nilirudi mjini kwa miguu kupitia Museum Hill nikijishika shavu kama mwenye jino bovu.

Mwili wa binadamu una jozi 12 za mishipa ya fahamu inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo bila kupitia uti wa mgongo. Tabibu wetu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alihesabu jozi 7 katika kitabu chake cha Qanun, akifuata hesabu ya Galen aliyemtangulia kwa karne nyingi. Hesabu ya 12 tunayotumia leo ilipangwa na Mjerumani Soemmerring mwaka 1778. Katika hizo 12, uso una jozi mbili kubwa, na watu huzichanganya. Jozi ya saba ndiyo inayoufanya uso ukunjike, utabasamu, ufumbe jicho. Hiyo ikiugua, mdomo hupinda upande mmoja, na mitaani kwetu utaambiwa mtu amepigwa na jini. Mara nyingi ni uvimbe wa mshipa huo tu, na wengi hupona kwa wiki au miezi kadhaa, ila asichelewe kumwona daktari. Jozi ya tano ndiyo inayosikia: baridi, joto, mguso, maumivu, mwasho wa pilipili, machozi ya kitunguu, dawa ya kuchua unayojipaka chini ya pua ukiwa na mafua. Hiyo ya tano ndiyo mada yetu.

Ina matawi matatu. Weka kidole kwenye ukingo wa mfupa chini ya unyusi wako, anza karibu na pua, kisogeze polepole kwa nje. Utakuta kijifereji kidogo. Bonyeza. Umesikia uchungu wa namna yake? Hapo ndipo tawi la kwanza linapotokea kwenda kwenye paji la uso. Tawi la pili ni la shavu, pua, mdomo wa juu na meno ya juu. La tatu ni la taya na meno ya chini, na hilo pia huendesha misuli ya kutafunia. Kile kijifereji cha nyusi, madaktari wanakijua sana. Mgonjwa akiletwa hajitambui, mojawapo ya njia za kupima kina cha kutojitambua kwake, katika kipimo kilichoanzia Glasgow mwaka 1974, ni kumbonyeza hapo na kutazama kama atafungua macho au kuinua mkono. Yaani wakati mtu amezama mbali kabisa, bado kuna mahali kwenye uso pa kumbishia hodi.

Na uso haubishi hodi kwa unyonge. Mwaka 1937 daktari mpasuaji Wilder Penfield na mwenzake, huko Montreal, walichapisha ramani waliyoipata kwa kugusa ubongo wa wagonjwa wakati wa upasuaji, wagonjwa wakiwa macho na kueleza wanachosikia. Ramani ile ilishangaza. Mgongo mzima una kijisehemu kidogo tu. Midomo, ulimi, uso na vidole vya mikono vimechukua eneo kubwa kupita kiasi. Ukichora mtu kwa vipimo vya ubongo wake, utapata kiumbe cha ajabu chenye midomo mikubwa, viganja vikubwa na mgongo mwembamba kama wa mjusi.

Lakini kusikia ni jambo moja, na kuamka ni lingine. Hili la kuamka lina kisa chake, na kisa chenyewe ni cha paka, wanisamehe wanaopenda paka.

Mwaka 1935, huko Ubelgiji, Frédéric Bremer alikata ubongo wa paka mahali pawili tofauti. Alipokata chini kabisa, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, kichwa cha paka kiliendelea kulala na kuamka kama kawaida. Alipokata juu zaidi kwenye shina la ubongo, ubongo ulibaki katika hali ya usingizi moja kwa moja. Kati ya mikato hiyo miwili ndipo mishipa mingi ya uso na kichwa inapoingilia. Bremer akasema, basi, ubongo huamshwa na habari za hisia, zikikatika unalala. Mwaka 1949 Moruzzi na Magoun, wakifanya kazi Marekani, wakaona jambo la ndani zaidi. Katikati ya shina la ubongo mna mtandao wa seli, na ukiutia umeme mdogo, mawimbi ya ubongo wote hubadilika kutoka ya usingizi kuwa ya mtu aliye macho. Huo mtandao ndio mwenye kuamsha. Mshipa wa tano hutuma habari zake huko, na sehemu yake moja imekaa ubavuni mwa kituo kidogo kinachomwaga noradrenalini ubongo mzima, ile kemikali ya kutufanya tuwe macho na tushike jambo.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Pisa, Moruzzi na wenzake wakakata tena, safari hii mbele kidogo tu ya pale mshipa wa tano unapoingilia. Ubongo haukuwa unapata habari yoyote ya uso. Na bado ulibaki macho kwa muda mrefu! Kwa hivyo uso ni wa kubisha hodi tu. Mwenye nyumba anaweza kuamka bila hodi, na akichoka sana anaweza kuitikia hodi kisha akalala tena.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunapopata nusu ya habari tunakimbia nayo.

Nusu yenyewe inavutia. Mtume wetu (S.A.W.) katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud amemwombea rehema mume anayeamka usiku kuswali na kumwamsha mkewe, na akikataa humnyunyizia maji usoni, na akamwombea hivyo hivyo mke anayemfanyia mumewe. Usoni, si miguuni. Ukijua habari za mshipa wa tano, moyo unafurahi, na si vibaya kufurahi. Lakini niliwahi kukuta karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa msikiti mmoja, imepigwa chapa kwa rangi, inasema ati wanasayansi wamethibitisha kuwa sijda hutoa umeme mbaya kichwani ukaingia ardhini, na kwamba udhu umewekwa ili kuchangamsha mishipa ya uso. Hakuna jina la mwanasayansi, hakuna mwaka, hakuna chuo. Ndugu yangu, huo si utetezi wa dini. Ikiwa udhu umewekwa kwa ajili ya baridi ya maji usoni, basi tayamamu ni ya nini? Mchanga mkavu una baridi gani? Na miguu, ambayo kwenye ramani ya Penfield ina nafasi ndogo, kwa nini ioshwe? Na anayetawadha kwa maji ya moto mwezi wa Julai, udhu wake una upungufu? Tunatawadha kwa sababu tumeamrishwa. Likipatikana faida nyingine ni ziada, na ziada haigeuzwi kuwa msingi, kwa sababu siku utafiti utakapobadilika utamkuta kijana wako ameegemeza swala yake kwenye karatasi ya ubaoni.

Na utafiti hubadilika. Nitakuonyesha.

Kwanza hili la maji na upepo wa usoni. Uingereza, Chuo Kikuu cha Loughborough, mwaka 1998, watafiti Reyner na Horne waliwachukua watu wenye usingizi wakawaweka kwenye gari la majaribio, la kuendesha ukiwa umekaa mahali pamoja. Wengine walipulizwa upepo baridi usoni, wengine wakafunguliwa redio. Faida ilikuwa ndogo na ya muda mfupi, kama robo saa hivi, kisha gari likaanza tena kuhama mstari. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameonyesha kwamba kahawa pamoja na usingizi mfupi wa chini ya dakika 15 ulisaidia zaidi. Nalisema hili kwa ajili ya wale watakaoendesha usiku kwenda Mombasa kwa Idd. Kufungua dirisha na kujipiga maji usoni pale Mtito Andei hakutakufikisha Mariakani. Egesha gari ulale. Na Mtume (S.A.W.) amemwelekeza anayesinzia katika swala aende akalale mpaka usingizi umtoke, asije akakusudia kuomba msamaha akajikuta anajitukana mwenyewe. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Dini haikusema usingizi ni uvivu wa kupigwa vita kwa maji peke yake.

Tena maji baridi hayana kazi moja ya kuchangamsha. Ukitumbukiza uso mzima kwenye maji ya baridi huku umezuia pumzi, moyo hupunguza mapigo. Habari hupanda kwa mshipa wa tano, hufika kwenye shina la ubongo, na jibu hushuka kwa mshipa wa kumi mpaka moyoni. Wazamiaji wanalijua. Mtoto mchanga ambaye moyo wake unakimbia kupita kiasi kwa ugonjwa fulani, madaktari huweza kumwekea mfuko wa barafu usoni kwa sekunde chache, na moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Usijaribu nyumbani! Nataka tu uone kwamba mshipa huu hauna swichi ya kuwasha akili.

Sasa nije kwa mtoto.

Halati yangu ana mtoto wa kiume wa miaka 10. Hatulii. Ukimwambia alete kikombe atafika jikoni, ataona paka, atasahau kikombe na kumfuata paka mpaka kwa jirani. Shuleni mwalimu anaandika kila muhula: ana akili lakini hasikilizi. Madrasa ndiyo balaa. Mimi huwasaidia maustadh siku za Jumamosi katika madrasa moja ya upande wetu, na yeye yuko darasani kwangu. Siku moja nilikuwa nimerudia aya moja pamoja naye mara saba. Mara ya nane nikamkuta anahesabu mabati ya dari. Nikampiga kofi la uso.

Nimelisimulia hili mbele ya mama yake, kwa hivyo sioni haya kuliandika. Wakati ule nilijiambia namwamsha. Na kweli alishtuka, macho yakafunguka, akanitazama. Lakini alinitazama mimi! Msahafu hakuutazama tena siku ile. Siku zote zilizofuata, kila nilipoinua mkono kufungua ukurasa, kichwa chake kiliruka nyuma.

Hapa elimu ya mshipa wa tano ilinisuta. Kofi pia ni hodi kwenye mshipa ule ule. Maumivu hupita njia ile ile ya mguso na baridi kuelekea shina la ubongo, na mtu huwa macho kweli. Ila huwa macho kwa ajili ya hatari. Akili yote hukusanyika kwenye mkono unaopiga, ijiandae kwa pigo la pili. Zaidi ya hayo, kofi likitua kwenye sikio laweza kupasua kiwambo chake. Na mbele ya sayansi yote, mimi niliyesoma madrasa tangu nikiwa na miaka mitano, nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mwanafunzi wa hadithi analijua, kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso. Wanavyuoni wameligusa hilo katika vita, katika adhabu na katika malezi, sikwambii katika darasa la Qur'ani. Serikali nayo ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikamkataza mtu yeyote kumpiga mwanafunzi. Wapo maustadh wanaosema madrasa si shule. Haya, na hadithi je?

Mwaka 2025 ndipo ndugu wa halati aliyeko Minnesota akapiga simu na habari njema. Ati kuna kifaa Marekani kinachotibu watoto wasiotulia bila dawa. Unamwekea mtoto plasta kwenye paji la uso usiku anapolala, waya mdogo unaunganishwa na kisanduku kama simu, umeme kidogo sana unapita, asubuhi unatoa. Bei ilitajwa kiasi cha dola 1,000. Halati hakulala. Alianza kuweka akiba, dada zake wakachanga, hata mimi nilitoa fedha nilizokuwa nimetenga za nakala za chuo. Hatia ya lile kofi ilinisukuma, nakiri.

Kifaa ni cha kweli. Plasta yake hubandikwa pale pale juu ya nyusi ulipobonyeza kidole sasa hivi, kwenye tawi la kwanza la mshipa wa tano. Tarehe 19 Aprili 2019 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani iliruhusu kiuzwe kwa cheti cha daktari, kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 wenye hali inayoitwa kwa ufupi ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliozidi, wasiotumia dawa za hali hiyo. Ushahidi wake ulikuwa utafiti wa Los Angeles wa watoto 62. Nusu yao hivi walivaa kifaa kinachofanya kazi kila usiku kwa wiki nne, na wengine walivaa bandia, kinachofanana nacho lakini hakitoi umeme. Dalili zilipimwa kwa alama, na kadiri alama zinavyoshuka ndivyo hali inavyokuwa bora. Waliovaa cha kweli walishuka kutoka wastani wa 34.1 hadi 23.4. Mawimbi ya ubongo nayo yalionyesha mabadiliko sehemu za mbele, zile zinazohusika na umakini.

Mtu akisoma hapo anatuma pesa. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Wale wa kifaa bandia walishuka kutoka 33.7 hadi 27.5. Hawakupata umeme wowote! Walipata nini basi? Walipata mzazi anayewaandaa kulala kila usiku kwa saa maalumu, daktari anayewauliza hali zao kila wiki, na nyumba nzima yenye matumaini. Alama sita hizo nimezifikiria sana kuliko zile kumi na moja.

Ndipo Uingereza, London na Southampton, wakafanya utafiti mkubwa zaidi, watoto na vijana 150, na safari hii kifaa bandia kilitengenezwa kwa hadhari zaidi, kiwe na msisimko kidogo ili familia isiweze kubahatisha mtoto amepewa kipi. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa mwaka 2026. Baada ya wiki nne, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliovaa cha kweli na waliovaa bandia. Hakikudhuru, na hakikusaidia kuliko plasta tupu.

Nilizisoma habari hizo nikiwa mjini, nikakatiza mpaka Jamia nikaswali Adhuhuri, kisha nikapanda gari kwenda kwa halati. Nilipomweleza alinyamaza kitambo. Akauliza, "Sasa mwanangu, umeniondolea cha Wazungu, umenipa nini?" Swali hilo ni la haki, na wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu watauliza vile vile.

Kwanza tulimpeleka kwa daktari wa watoto, naye akatuelekeza kwa mtaalamu wa akili za watoto. Neno "akili" liliwatisha jamaa, wakadhani mtoto anaitwa mwendawazimu. Haikuwa hivyo. Mtoto alipimwa macho na masikio, manake asiyesikia vizuri naye huonekana hasikilizi. Tukaulizwa usingizi wake, tukaona aibu: mtoto alikuwa akilala saa tano usiku na simu ya mama mkononi, na mwezi wa Ramadhani akiamshwa daku hata siku asizofunga, eti apate uzoefu. Mtoto aliyekosa usingizi hutukuta, hasahau tu. Daktari alisema dawa zipo na watoto wengine huzihitaji, na hilo litaamuliwa naye kliniki, si mimi na vijarida vyangu. Akamfundisha mama namna ya kutoa amri moja kwa wakati mmoja, kwa ukaribu, akimtazama, na kumsifu pale pale anapotimiza.

Sehemu ya zile fedha imelipa kliniki na nauli. Iliyobaki iko kwa halati, na waliochanga wamejulishwa.

Madrasani nimembadilishia mambo. Anakaa mbele, mbali na dirisha. Hasomi ukurasa, anasoma mistari mitano. Anaruhusiwa kusimama, hata kutembea huku anakariri, na wenzake wameshazoea. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile nililompigia. Ustadh mkubwa hakupenda, alisema nitaharibu heshima ya walimu, na bado tunazungumza juu ya hilo.

Kichwa chake hakiruki tena nyuma nikiinua mkono, ila ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaraji. Mara mbili kwa somo moja huomba ruhusa akanawe uso. Namruhusu. Anarudi na kanzu imelowa mpaka kifuani, anasoma aya tatu nne vizuri kabisa, kisha macho yanapanda kwenye mabati. Namgusa bega, tunaendelea pale alipoachia.